PRD yako ni ndogo, lakini wimbi P liko wapi?

Swali la msomaji: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa vifaa tiba, nipo Mbeya. Mradi wangu ni programu ya kubana data ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ili itumwe kwa simu kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa. Nimetumia waveleti, njia ya hisabati ya kuvunja ishara vipandevipande, nikaijaribu kwenye rekodi namba 100 ya MIT-BIH, kanzidata ya rekodi za moyo, nikapata uwiano wa 22 kwa 1 na PRD (kipimo cha kosa la kubana) ya asilimia 0.6. Msimamizi wangu wa uhandisi amefurahi sana. Lakini daktari bingwa wa moyo, ambaye ni msimamizi wangu wa pili, ameziangalia namba akasema: "Hii hainiambii chochote kuhusu mgonjwa wangu." Je, asilimia 0.6 siyo kosa dogo? Nifanye nini ili daktari aridhike? Na je, nibadilishe kichwa cha mradi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Niseme mapema kabisa kwamba kati ya wasimamizi wako wawili, mwenye haki ni yule aliyekununia. Kazi yako si mbovu, ila umepima kitu kimoja na yeye anauliza kingine.

Tuanze na hiyo 0.6, maana nina wasiwasi nayo. PRD, kama unavyojua, hupatikana hivi: unachukua rekodi ya asili, unatoa ile iliyobanwa ikafunguliwa, unapata makosa. Makosa unayapandisha kipeo cha pili na kuyajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya vipeo vya pili vya rekodi yenyewe, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa 100. Sasa fungua faili lako. Namba za kwanza kwenye lidi (njia ya kurekodi umeme wa moyo) ya kwanza ya rekodi 100 ni 995, 995, 995, zinajirudia hivyo, halafu 1000, 997, 995, 994, 992. Moyo wa nani una volti 995? Hakuna. MIT-BIH wamehifadhi sifuri ya umeme kwenye namba 1024, na kila milivolti 1 ni hatua 200. Kwa hiyo ile 995 ni milivolti 0.15 hivi chini ya sifuri, basi.

Kama hukuondoa hiyo 1024, au angalau wastani wa rekodi, umegawa kosa lako kwa mlima wa namba usiohusiana na moyo. Tufanye hesabu ya mkono. Thamani zinazunguka karibu na 1000. PRD ya 0.6 maana yake kosa la kawaida ni kama hatua 6. Sasa gawa hizo 6 kwa kile ambacho rekodi inapanda na kushuka kweli kuzunguka wastani wake. Tuseme ni hatua 40, makadirio ya karibu kwa rekodi tulivu ya aina hii. Unapata asilimia 15. Programu ni ileile, kosa ni lilelile, lakini namba imetoka 0.6 ikawa 15. Usijilaumu sana, makala zilizochapishwa zimejaa kosa hili, na wapo walioshindana kwa miaka kuona nani ana PRD ndogo zaidi huku mmoja ameondoa 1024 na mwenzake hakuondoa. Rudia hesabu leo hiihii kabla hujasoma zaidi.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Tuseme umerekebisha na umeshuka hadi asilimia 5 ya kweli. Daktari wako bado atanuna, na sababu iko kwenye umbo la mapigo yenyewe.

Pigo moja la moyo kwenye karatasi lina mlima mmoja mkubwa, QRS, umeme wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), ambao unaweza kufika milivolti 1 au zaidi. Kabla yake kuna kilima kidogo, wimbi P, umeme wa atria (vyumba vya juu), la milivolti 0.1 au 0.2. Kwa lugha ya karatasi ya ECG, ambapo milimita 10 ni milivolti 1, P ni milimita moja au mbili tu za urefu. PRD hupandisha kila kitu kipeo cha pili, hivyo QRS inameza hesabu nzima. Unaweza kulifuta wimbi P lote, kila pigo, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa rekodi, na PRD isishituke kiasi cha kukuogopesha. Na waveleti inapenda kufanya hivyohivyo: ukishaweka kizingiti, vigawo vidogo vinageuzwa sifuri, na vigawo vidogo ndiyo makazi ya P. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu mwiba nimeuona ukiota.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye hospitali nisiyoitaja, niliombwa maoni juu ya mama mmoja fundi cherehani aliyekuwa akilalamika kwamba moyo "unaruka" usiku. Alikuwa amevaa mashine ya Holter, inayorekodi moyo mfululizo, kwa saa 24. Ripoti iliyotolewa na programu ilisema fibrilesheni ya atria (atria kutetemeka ovyo badala ya kupiga), vipindi vingi, hasa usiku. Kwenye faili lake tayari mtu alikuwa ameandika warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nikaomba kuona vipande vya mawimbi. Mapigo kweli hayakuwa na mpangilio. Lakini mstari kati ya pigo na pigo ulinishangaza: ulikuwa umenyooka kama ngazi, kipande cha mlalo, hatua, kipande cha mlalo, hatua. Moyo hauchori ngazi. Hata fibrilesheni yenyewe haichori ngazi, huchora mtetemo mdogomdogo usiotulia.

Bahati ilikuwa kwamba kadi ya kumbukumbu haikuwa imefutwa. Tukaifungua data ghafi. Kabla ya kila pigo lililowahi, wimbi T (kilima kinachofuata QRS) la pigo lililotangulia lilikuwa limechongoka kuliko wenzake. Ukitazama haraka hulioni. Ukizilaza T mbili, moja juu ya nyingine, unaona kuna kitu kimepanda mgongoni mwa ile ya pili: ni P iliyokuja mapema, imekalia T. Huyu mama alikuwa na mapigo ya mapema ya atria, ambayo watu wengi wenye afya huwa nayo. Warfarini ilikatwa kwa mstari wa kalamu. Programu ya kuhifadhi ilikuwa imebana data ghafi kwa nguvu ili itunze wagonjwa wengi kwenye diski moja, P zikayeyuka, na kilichobaki, mapigo yasiyo na mpangilio na yasiyo na P, ndiyo tafsiri ya kitabuni ya fibrilesheni.

Ile ngazi niliitambua kwa sababu nimeusoma ukoo wake. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walitoa mbinu iliyoitwa AZTEC. Ilichukua ECG na kuigeuza kuwa mistari ya mlalo na miinuko. Kwa kompyuta za wakati ule ilikuwa akili kubwa: data ilipungua mara 10. Mapitio maarufu ya mbinu hizi yaliyochapishwa 1990 yanaipa PRD ya asilimia 28, wakati mbinu ya "turning point" iliyopunguza mara 2 tu ilipewa 5.3, na CORTES, iliyochanganya hizo mbili, 7 kwa uwiano wa 4.8. AZTEC ilitengenezwa ili kompyuta ihesabu mapigo palepale yanapopita. Kwa kazi hiyo ilifaa. Haikutengenezwa ili daktari aisome. Ukibana, unamchagulia mtu wa upande wa pili maswali atakayoweza kuuliza.

Na huku kwetu swali la P si la kitaaluma tu. Mchukue mama wa miaka 28 aliyeugua homa ya rumatiki utotoni, vali ya mitrali, mlango kati ya atria na ventrikali za kushoto, ikabaki imekakamaa na kubana. Hawa tunawaona kila wiki, si wa vitabuni. Damu inarundikana kwenye atria ya kushoto, atria inatanuka, na umeme unachukua muda mrefu kuivuka. Kwenye lidi ya pili P yake inapanuka kufikia sekunde 0.12, yaani visanduku vidogo vitatu, na kichwani inagawanyika kama migongo miwili ya ngamia. Ule mfinyo kati ya migongo ni wa sehemu ndogo ya milivolti. Ukiupiga pasi, umebakiwa na P iliyonona kidogo tu, na tabibu wa zahanati aliyetuma hataambiwa "mpeleke huyu akapimwe eko," yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Miaka ikipita, P ileile itatoweka kwa haki yake: atria iliyochoka inaingia kwenye fibrilesheni. Hapo kutokuwepo kwa P kunaamua dawa ya maisha. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki wenye fibrilesheni, kutoka nchi 24, ulilinganisha rivaroksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, na dawa za jamii ya warfarini. Wengi walitegemea dawa mpya ingekuwa sawa au bora. Waliokuwa kwenye jamii ya warfarini walipata matukio mabaya na vifo vichache zaidi, bila kuvuja damu zaidi. Kwa hiyo huyu mama atameza warfarini, atapimwa INR (kipimo cha damu kuganda) mara kwa mara, ataambiwa aangalie mboga zake za majani, na akitaka ujauzito mazungumzo yatakuwa mazito. Yote hayo yananing'inia kwenye kilima cha milimita moja ambacho PRD yako haikioni. Daktari wako hakuwa na kiburi.

Ngoja nikuonyeshe aina ya namba ambayo yeye amezoea. Uganda walichukua watoto 818 wenye dalili za mwanzo za moyo wa rumatiki zilizoonekana kwenye eko tu, nusu wakapewa penisilini ya sindano kila mwezi. Baada ya miaka 2, waliozidiwa walikuwa asilimia 8.2 kwa wasiopewa na 0.8 kwa waliopewa. Matokeo yalichapishwa 2021. Kila asilimia pale ni mtoto. Mtu aliyelelewa kwenye namba za namna hiyo akiona "PRD 0.6" anauliza: asilimia 0.6 ya nani?

Turudi kwenye rekodi 100. Kwa nini kila mwanafunzi anaanza na kuishia hapo? Kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Ina mapigo 2,273, na kati yake 2,239 ni ya kawaida, 33 ni ya mapema ya atria, na 1 la ventrikali. Ni rekodi safi, tulivu, karibu haina ugonjwa wa kukupa shida. Ukibana moyo mtulivu vizuri, umethibitisha kwamba moyo mtulivu unabanika.

Kanzidata ile, iliyokusanywa Hospitali ya Beth Israel, Boston, kati ya 1975 na 1979, ina rekodi 48 za nusu saa, lidi mbili, sampuli 360 kwa sekunde. Waliopanga walifanya jambo la busara: rekodi 23 za mfululizo wa 100 zilichukuliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye kanda zaidi ya 4,000, na 25 za mfululizo wa 200 zilichaguliwa makusudi kwa sababu zina matatizo adimu lakini muhimu. Nenda huko kwenye 200. Fibrilesheni utaikuta 201, 202 na 203, na hiyo 203 ina kelele nyingi hadi utaichukia. 207 ni fujo tupu, ina kuziba kwa njia za umeme na ventrikali inayopepea. 230 ina ugonjwa wa Wolff-Parkinson-White, ambapo umeme unapita njia ya panya kutoka atria hadi ventrikali, na QRS inaanza kwa mteremko laini unaoitwa wimbi delta. Ukibana 230 ukapoteza mteremko ule, umemgeuza mgonjwa anayehitaji mtaalamu kuwa mtu wa kawaida mwenye PR (muda kutoka mwanzo wa P hadi QRS) fupi. Hiyo rekodi moja itakufundisha zaidi ya rekodi 100 mara kumi.

Rekodi 102, 104, 107 na 217 ni za watu wenye betri ya moyo. Kwa desturi watafiti huziacha nje, na wana sababu: mshtuko wa betri hudumu kama nusu ya milisekunde. Hata ukichukua sampuli 500 kwa sekunde, kati ya sampuli na sampuli kuna milisekunde 2, mshtuko unaweza kupita katikati bila kuonekana. Ndiyo maana mashine nzuri huukamata mshtuko kwa njia yake ya pembeni na kuuweka kama alama. Programu yako ihifadhi alama hizo kando, isizibane kabisa.

Usidai chochote kuhusu shambulio la moyo kwa kutumia MIT-BIH. Lidi mbili za Holter hazitoshi. Kwa mabadiliko ya ST (kipande kati ya QRS na T) tumia kanzidata ya Ulaya ya ST-T, rekodi 90 za saa mbili mbili, na kwa lidi 12 tumia PTB-XL ya Ujerumani yenye rekodi zaidi ya 21,000 za sekunde 10. Na chunga kichujio chako cha kutuliza mstari wa chini. Mpaka wa hezi 0.5, ambao unapendwa kwa sababu unatoa picha nadhifu, unaweza kuipinda ST. Milimita moja ya ST ni mpaka kati ya "nenda nyumbani" na "mkimbize", na milimita moja ni hatua 20 kwenye namba zako.

Sasa niulize swali ambalo hukuuliza. Unabana kwa sababu gani?

Umesema zahanati inatuma kwa hospitali ya rufaa. Nadhani unazungumzia ECG ya kawaida ya lidi 12. Piga hesabu: kati ya lidi 12, nane tu ndizo za kujitegemea, nyingine hupatikana kwa kujumlisha na kutoa. Lidi 8, sampuli 500 kwa sekunde, baiti 2 kila sampuli, sekunde 10. Ni baiti 80,000. Kilobaiti 80! Unajua zahanati zinafanya nini leo? Tabibu anachapisha ECG kwenye karatasi, anaiweka kwenye meza, anaipiga picha kwa simu ya megapikseli 12, kivuli cha mkono wake kimelala kwenye lidi V4, na anaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Picha ile ilitoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 3. WhatsApp inaibana kwa namna yake isiyojali moyo wa mtu, na mimi huku napokea visanduku vidogo vilivyoyeyuka hadi siwezi kuhesabu PR. Data ghafi yote ingekuwa nyepesi kuliko picha yake mara thelathini na zaidi. Tatizo la zahanati si uzito wa data. Tatizo ni kwamba mashine nyingi hazitoi faili la namba, zinatoa karatasi. Mhandisi atakayetoa waya kwenye mashine ile na kuingiza faili la kilobaiti 80 kwenye simu ya tabibu atakuwa ametusaidia kuliko waveleti yoyote. (Mpaka siku hiyo, mwambie tabibu atume picha kama hati, si kama picha, na asimame juu ya karatasi, si pembeni.)

Wazo la kutuma moyo kwa waya si geni. Einthoven, mtafiti wa Uholanzi aliyetupa herufi P, Q, R, S na T, mwaka 1905 alikuwa na mashine nzito isiyohamishika kwenye maabara yake Leiden. Wagonjwa walikuwa hospitalini kilomita 1.5 kutoka pale. Akavuta laini ya simu. Hakubana kitu. Na Brazili, jimbo la Minas Gerais, wana mtandao wa kutuma ECG za digitali kutoka miji midogo uliokusanya rekodi kwa mamilioni. Zaidi ya milioni 2 zilitumika kufundisha kompyuta kusoma ECG, kazi iliyochapishwa 2020.

Kubana kuna maana pale rekodi inapokuwa ndefu. Holter ya lidi 3, sampuli 250 kwa sekunde, baiti 2, saa 24, ni megabaiti 130 hivi. Kwa bando la mtu wa kawaida hiyo inauma. Kibandiko cha kifuani cha lidi moja kwa siku 14 ni megabaiti 600. Hapa sawa, bana. Ila anza na kubana kusikopoteza kitu. Rudi kwenye 995, 995, 995, 1000, 997, 995, 994, 992. Usitume namba zenyewe, tuma tofauti: 0, 0, 5, -3, -2, -1, -2. Namba zimekuwa ndogo na zinajirudia. Zile zinazojirudia sana zipe msimbo mfupi, zile za nadra, kama panda-shuka ya QRS, zipe mrefu, kwa njia aliyotuachia Huffman mwaka 1952. Utapunguza mara 2 au 3, na kila sampuli inarudi kama ilivyokuwa. Holter ya megabaiti 130 inakuwa kama 50, na daktari wako hana swali hata moja la kukuuliza.

Kubana kwa kupoteza kunastahili utetezi pale betri inapokuwa ndiyo mlinzi wa mlango. Kwenye kibandiko, redio hula umeme mwingi kuliko hesabu. Timu ya chuo cha EPFL, Uswisi, ilionyesha mwaka 2011 kwamba mbinu ya kuchukua vipimo vichache vya mchanganyiko, kisha kazi ngumu ya kufungua ikafanywa upande wa kompyuta kubwa, iliongeza maisha ya kifaa kwa asilimia 37.1 ikilinganishwa na waveleti. Siku nyingi za betri ni jambo la kitabibu kabisa: katika utafiti wa CRYSTAL AF wa 2014, wagonjwa 441 waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo, kifaa cha chini ya ngozi kilikamata fibrilesheni kwa asilimia 12.4 ndani ya mwaka mmoja, ufuatiliaji wa kawaida asilimia 2. Vifaa vile, kwa taarifa yako, havitunzi kila pigo. Vinatunza vipande vinavyoonekana na shida na kuacha vingine. Huko nako ni kubana, na ni kwa kikatili zaidi kuliko kwako.

Sasa, namna ya kumridhisha daktari. Chukua rekodi za asili na zilizofunguliwa, zichanganye, ondoa majina na alama zozote, wape madaktari wawili au watatu wazisome bila kujua ipi ni ipi. Waulize maswali ya kazini: mdundo gani huu? P ipo au haipo? PR na QT (mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T) ni milisekunde ngapi? Ungemfanya nini mgonjwa huyu? Baada ya wiki kadhaa warudishie zote kwa mpangilio mwingine. Wahandisi wengi huruka hatua ifuatayo, nayo ndiyo ya maana kuliko zote: wape pia rekodi za asili zilezile mara mbili. Daktari hatofautiani na programu yako tu, hutofautiana na yeye mwenyewe wa jana. Ukiona amejipinga mara 4 katika 100 kwenye zile za asili, na mara 5 katika 100 kwenye zilizobanwa, una hoja. Ukiona 4 na 15, una jibu pia. Nitajie kipimo cha Cohen cha kukubaliana, kappa, lakini uweke pembeni yake orodha ya rekodi ambazo uamuzi ulibadilika, moja moja, na picha zake. Daktari ataruka jedwali aende kwenye picha.

Kama huna madaktari wa kutosha kwa sasa, kuna kipimo cha WDD cha Zigel, Cohen na Katz cha mwaka 2000, kinachopima upotevu kwa sifa za uchunguzi zenyewe: urefu wa P, muda wa QRS, QT, umbo la ST, na nyinginezo. Si mbadala wa jicho, lakini ni ndugu wa karibu wa jicho kuliko PRD.

Utagundua kwamba kanzidata zote nilizokutajia ni za Boston, Ulaya na Ujerumani. Usitarajie yule mama wa miaka 28 mwenye migongo ya ngamia atakuwa amejaa humo. Ukiweza kupata hata rekodi 50 za wagonjwa wa vali kutoka kliniki ya msimamizi wako, mradi wako utakuwa na kitu ambacho wengi hawana. Usizichukue kimyakimya kwenye flashi. Pitia kamati ya maadili ya chuo, na kama inahitajika NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na usome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla hujatoa faili moja nje ya hospitali. Jina la mgonjwa huwa limejificha hata kwenye kichwa cha faili la mashine, lifungue ukaliangalie kwa macho.

Kuhusu kichwa cha mradi, usikibadilishe. Kinatosha. Badilisha lile jedwali la matokeo: futa safu ya PRD ya zamani, weka iliyoondolewa wastani, na pembeni yake ongeza safu mbili, moja ya kubana bila kupoteza ili kila mtu aone unashindana na nini, nyingine ya mara ngapi P ilipotea katika kila rekodi. Anza na 230 na 203. Kisha mpelekee daktari wako picha ya mapigo kumi ya 230, ya asili juu na yako chini, kwenye karatasi yenye visanduku vya milimita moja. Chapisha, usimtumie kwa WhatsApp.